Ajali ya Mwata

Mwata haogelei. Nilifundishwa hivyo na mjomba nikiwa na miaka saba, tumechutama kwenye tope la Kilwa Kivinje maji ya bamvua yametoka, yeye na muo wake, mimi na kifuu cha kutilia chambo. Mwata hula na hukua ndani ya shimo lake, alisema, na siku ukimwona yuko juu anaogelea, ujue ameitwa. Sikuuliza ameitwa na nani. Mtoto wa chuo hilo haulizi.

Ijumaa moja, nusu karne baadaye, nilirudi kutoka msikitini nikawakuta mwata wangu wanaogelea, trei kumi na mbili nzima.

Nasema wangu, ingawa si wangu. Ni wa kituo ninachofanyia kazi, kituo cha kuangulia vifaranga wa kambamiti hapa pwani ya kusini. Mimi niko chumba cha wazazi, yaani majike na madume tunaowalea ili watage. Kamba mzazi anadeka kuliko bi harusi. Chakula cha paketi atakila na atashiba, ila mayai yake hayatakuwa ya maana. Anataka ngisi, anataka kome, na zaidi ya hivyo anataka nyungunyungu wa baharini, huyu huyu mwata, kwa kuwa mwilini mwake mna mafuta ambayo kamba hawezi kujitengenezea ya kutosha, kama asidi ya arakidoni, na mwili huyageuza kuwa vichocheo vya uzazi. Zamani tulinunua kwa wachimba chambo. Tukaacha, maana mwata wa porini anaweza kubeba virusi vya madoa meupe, ugonjwa uliofika kwenye mashamba ya kamba ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka 2012, na ukiwa nao mlangoni hulali. Ndipo tukaanza kufuga wa kwetu: trei za plastiki, mchanga wa kina cha shubiri moja, maji ya bahari yaliyochujwa yakipita juu yake polepole, na masalio ya chakula cha kamba ndiyo malisho yao. Yaani kamba humlisha mwata, kisha mwata akalishwa kamba.

Mfugaji wa mwata, anachofuga hasa ni joto. Mbuzi ana jiko lake ndani. Mvua inyeshe, jua liwake, damu yake iko palepale. Mwata hana jiko. Maji yakiwa nyuzi 24 naye ni nyuzi 24, yakiwa 30 naye ni 30, na kila kinachotendeka mwilini mwake, kumeng'enya, kupumua, kujenga nyama, kupevuka, huenda kwa mwendo wa maji hayo. Hesabu ya jumla tuliyofundishwa ni kwamba ukipandisha nyuzi kumi, mwendo huo huwa mara mbili hata tatu, mpaka ufike ukingoni ambako kila kitu huporomoka kwa pamoja. Na maji yenyewe hayakusaidii. Maji ya bahari ya nyuzi 20 yakishiba hewa hubeba kiasi cha miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba 6.2 tu. Mnyama anahema zaidi, hewa imepungua. Amonia inayotoka kwenye kinyesi nayo huzidi ukali kadiri joto linavyopanda. Halafu kuna jambo ambalo wafugaji wachanga hawalipendi: ukimkimbiza kwa joto atapevuka mapema, lakini akiwa mdogo. Amewahi, ila hakuja na kitu. Kwa hiyo mimi hupenda trei zangu zicheze kati ya 27 na 29, na kila alfajiri huchovya kidole kabla ya kipimajoto, nione kama bado tunakubaliana.

Ijumaa hiyo umeme ulikatika saa tano asubuhi. Jenereta likawaka lenyewe, kama linavyotakiwa. Dizeli nilikuwa nimeitupia jicho mapema nikaona inatosha, sikuchovya kijiti. Saa sita tukafunga banda tukaenda kuswali, mimi na kijana wa zamu, na baada ya swala nikakaa kidogo barazani na watu. Niliporudi, saa nane na nusu, nilisikia ukimya kabla sijaona kitu. Mtu aliyezoea mlio wa pampu, ukimya humpiga kifuani. Mabati yalikuwa yanachoma. Kipimajoto cha trei ya kwanza kilisoma 36, mchanga umeanza kutoa harufu ya yai viza, na juu ya maji wanajinyonganyonga mwata kwa mamia.

Wengi walitoka kwa kukosa hewa tu. Lakini wachache walitoka kwa lile la mjomba, na hao ndio walioyafanya maji ya trei mbili tatu yawe meupe kama tui. Maana jamaa wengi wa ukoo huu huzaa mara moja maishani. Siku yao ikikaribia, macho hutanuka, vijiguu vya ubavuni hupanuka vikawa kama makafi, tumbo la chakula husinyaa kwa kuwa halitakuwa na kazi tena. Huacha shimo, hupanda juu, humwaga mayai au mbegu, na hufa. Kule Samoa kuna ndugu yao wa mbali, palolo, ambaye hutuma nusu yake ya nyuma peke yake ikaogelee na kupasuka, mwenyewe akabaki salama mwambani. Watu huichota kwa vyandarua katika usiku chache wa robo ya mwisho ya mwezi, Oktoba au Novemba, wakaila kama kitoweo cha sikukuu. Mwata wetu hakupewa ujanja huo.

Kijana aliniona nimeshika ukingo wa trei kwa mikono miwili. "Usijilaumu, mzee," akasema. "Hii ni ajali."

Nikafungua daftari la chumba. Tarehe, saa, joto, idadi ya waliokufa, sababu. Kwenye sababu nikaandika AJALI, kwa herufi kubwa, kama vile nimepiga muhuri. Usiku sikulala, na si kwa ajili ya mwata. Lile neno lilinikaa kooni.

Waarabu tuliowaazima neno hili, kwao ajal ni muda uliowekwa: muda wa deni kulipwa, muda wa mja kuishi. Kiswahili cha wazee kilikuwa nalo hivyohivyo. Walisema ajali yake imefika, wakimaanisha amri ya Mungu. Sisi tumelichukua tukaliweka barabarani. Mwarabu wa leo gari likipinduka husema haadith, neno lililo ndugu wa hadithi yetu: limetokea jambo. Kwetu likipinduka tunasema muda umefika, kisha tunaendelea na safari na dereva yuleyule. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi, na midomoni mwetu neno likawa hilohilo. Ajali haina kinga, tunasema, na aliyeuza tiketi za ziada naye anasema, na anasema kwa sauti kuliko sisi.

Jumapili nikapanda gari kwenda Kivinje.

Mjomba ana miaka themanini na kitu. Kitu chenyewe hataki kitajwe. Bado anasomesha watoto jioni, ingawa sasa husikiliza zaidi kuliko kutazama. Nilimkuta barazani na bulula la maji, feni ndogo ya betri imeelekezwa kwenye magoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Mbona uso umekunjamana kama wa mwenye deni?"

Nikamweleza yote, la dizeli na la barazani. Aliuliza jenereta linakula lita ngapi kwa saa, nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

"Mjomba, mwata ana ajali?"

"Ana roho?"

"Anatembea, anakula, anazaa."

"Basi anayo. Kwani wewe ulidhani imeandikiwa wenye kanzu tu?"

Akanikumbusha Jauhara, lile shairi la tauhidi la Ibrahim al-Laqani wa Misri, mtu wa karne ya 17, tulilolihifadhi chuoni na nusu yake hatukuielewa. Humo mna itikadi ya wafuasi wa Ash'ari kuhusu aliyeuawa: amekufa kwa muda wake. Panga halikumpunguzia hata pumzi moja. Walikuwepo waliopinga. Baadhi ya Muutazila wa Baghdad walisema aliyeuawa amekatiwa njiani, na lau asingeuawa angeishi. Na ndani ya Muutazila wenyewe alikuwepo Abul-Hudhayl aliyesema hata asingeuawa angekufa saa ileile kwa sababu nyingine. Mabishano haya niliyasikia utotoni nikidhani ni ya watu wasio na kazi. Nikiwa na trei kumi na mbili zinazonuka, niliona yalikuwa mabishano ya watu waliofiwa.

Lakini nilikuwa na hoja ambayo watu wa Baghdad hawakuwa nayo. "Mjomba," nikasema, "nikichukua mwata wa tumbo moja nikawagawa mafungu mawili, hawa nikawaweka kwenye maji ya 24 na hawa kwenye 30, wa kwenye 30 watapevuka kwanza. Na kwao kupevuka ndiyo kufa. Nikitaka, nitabadilisha: nitawapoza hawa, nitawapasha wale. Sijui nisemeje, lakini ajali yao iko kwenye kitufe, na kidole kilicho kwenye kitufe ni changu."

Alistaghfiru, kwanza kwa ajili yangu, kisha nadhani kwa ajili yake, kwa kuwa niliona hoja imemkalia. Akanywa maji. Muda ukapita, watoto wawili wakaja kuleta mbao zao za kuandikia wakafukuzwa.

"Umesema ajali iko kwenye kitufe," akasema mwishowe. "Au ni siku iliyo kwenye kitufe?"

Sikumjibu pale, nilikuwa naona anacheza na maneno kama walimu wanavyofanya wakibanwa. Jibu lilinijia ndani ya gari nikirudi, karibu na Nangurukuru, na lilitoka kwa Mfaransa. Mwaka 1735 Réaumur, yuleyule mwenye kipimajoto chake, alipendekeza kwamba ukitaka kujua zao litaiva lini usihesabu siku. Jumlisha joto la kila siku. Wafugaji na wakulima hadi leo tunaitumia hesabu hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kiumbe huanza kukua maji yakivuka nyuzi 12, na safari yake yote inadai jumla ya 900. Kwenye maji ya 24 anakusanya 12 kwa siku, atachukua siku 75. Kwenye maji ya 30 anakusanya 18, atachukua siku 50. Kalenda imesogea, ile 900 haikusogea. Nilichokuwa nacho kwenye kitufe ni mwendo. Safari yenyewe imepimwa kwa kipimo kingine, na mwenye kukiona kipimo hicho huenda haoni siku zetu kabisa, kama vile mwata asivyojua kuwa kuna Ijumaa.

Nikiri kwamba nilifurahi mno na hesabu hii, kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakumbuka Lynemouth ikaniharibikia.

Mwaka 1998 nilipelekwa Newcastle kusoma kwa mwaka mmoja. Kaskazini mwa mji huo, huko Lynemouth, pwani ya Northumberland, palikuwa na shamba la nyungunyungu wa baharini, Seabait, lililozaliwa katikati ya miaka ya 1980 kutokana na utafiti wa Profesa Peter Olive wa chuo kikuu cha hapo. Bahari yao wakati wa baridi huwa nyuzi 5 au 6; mtu wa Kivinje akitia mguu atasoma shahada. Mwata wa kule, mkubwa, wa kijani chenye kung'aa kama kifua cha njiwa, porini huchukua miaka miwili mitatu na zaidi kupevuka. Shamba lilichota maji ya moto yaliyotoka kupoza mitambo ya umeme ya kiwanda cha aluminiamu cha Alcan, umeme wa makaa ya mawe, na kwa moto huo wa bure likawakuza kwa sehemu tu ya muda huo. Waliuzwa kwa wavuvi wa ndoana, na baadaye wakagandishwa wakawa chakula cha kamba wazazi katika nchi za joto. Niliwaona kwenye mabwawa yao marefu, mvuke ukipanda juu ya maji asubuhi ya theluji, nikajiona niko karibu na nyumbani.

Kilichoniharibia hesabu ni hiki. Walituambia kwamba joto peke yake halitoshi. Siku za majira ya pukutizi zikianza kuwa fupi, mwata yule hupunguza kula hata maji yakiwa ya moto. Mwili unajua kuwa baridi inakuja ingawa ngozi haijaihisi. Ikabidi kumwongezea mwanga, kumdanganya kuwa bado ni kiangazi. Kwa hiyo si pishi la joto linalojaa tu hadi lifurike. Kuna mtu ndani anayesoma alama na kuamua.

Na mtu huyo anajulikana anakokaa. Katikati ya karne ya 20, Maurice Durchon huko Ufaransa na Carl Hauenschild huko Ujerumani walifanya jambo la kikatili kidogo: walimkata mwata mchanga kichwa. Mwata hafi upesi kwa kukatwa kichwa. Ila yule asiye na ubongo alikimbilia kupevuka kabla ya wakati, mayai yakamjaa akiwa bado mtoto. Ukimrudishia ubongo wa mchanga mwenzake, haraka ile hutulia. Maana yake, ubongo wa mwata una kazi ya kusema bado. Bado, bado, bado, kila siku, kwa homoni moja. Na sauti hiyo ikififia, mwili huanza kujiandaa kwa siku yake. Mwaka 2016 watafiti wa Vienna waliitambua homoni yenyewe, metili fanesoeti, na ajabu ni kwamba kwenye kaa na kamba dutu hiyohiyo ilikuwa inajulikana siku nyingi, ila kwao kwa kawaida huchochea uzazi badala ya kuuzuia. Neno moja, kwa huyu maana yake ngoja, kwa yule maana yake twende. Nikafikiria neno letu na Waarabu.

Sasa naingia mahali ambapo sipendi kuingia. Kamba naye ana mlinzi wake wa kusema bado, na anakaa kwenye kikonyo cha jicho. Mfaransa mwingine, Panouse, alionyesha mwaka 1943 kwamba ukikiondoa kikonyo, mayai hukua. Vituo vya kuangulia duniani kote vimeishi juu ya ugunduzi huo. Unamshika jike mgongoni, unaminya kikonyo cha jicho moja kwa koleo la moto au kwa vidole, unamrudisha majini, na baada ya siku chache anataga. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siku hizi vituo vingi vinaacha, na chetu kinapunguza. Ndiyo sababu mojawapo ya kumtukuza mwata, kwa kuwa jike aliyelishwa vizuri hana haja kubwa ya kupofushwa. Lakini mikono hii imeminya macho mengi, na kwenye daftari hatukuandika ajali. Tuliandika kazi. Jicho nililolitoa kwa makusudi liliitwa kazi, na mwata niliowaua kwa uzembe wakaitwa ajali, na sioni kama kamba au mwata angeijua tofauti.

Nilirudi Kivinje baada ya wiki mbili na mzigo huo. Nilikuwa nimejiandalia utetezi pia, kile kisa cha Khalifa Umar. Tauni ilipoingia Sham, Umar alikuwa njiani kwenda huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamlaumu kwamba anakimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuelekea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni penye pande mbili, upande wenye majani na upande mkavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Hapo nilitaka kusimama. Maji ya 28 ni kadari, maji ya 36 ni kadari.

"Kisa hicho umekishika mkiani," mjomba akasema. "Umar alitoa mfano huo akiwa anaondoka. Wewe unautoa umekaa."

"Sijakuelewa, mjomba."

"Aliyeuawa kafa kwa nini?"

"Kwa ajali yake. Ndiyo Jauhara."

"Na muuaji? Wanazuoni walewale, Ash'ari, Shafii, wote. Analipa au halipi?"

"Akiua kwa kukusudia, kisasi. Akiua kwa kukosea, diya na kafara."

"Kwa kukosea pia?"

"Kwa kukosea pia."

"Basi waliweka vitabu viwili," akasema. "Kimoja cha aliyekufa, kingine cha aliyebaki. Neno ajali limo kwenye kile cha kwanza. Wewe umelikwapua ukalitia kwenye cha pili."

Nikanyamaza. Nyumba ya jirani walikuwa wanatwanga kisamvu. Nilitaka kumwambia kwamba mwata hana diya, hakuna aliyewahi kulipia nyungunyungu, lakini nilijua angenijibu kwa swali na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa. Ila nikitazama nyuma naona alikuwa ameigusa sehemu ambayo Réaumur na Vienna hawaifiki. Hata nikijua joto lote, mwanga wote, na ile sauti ya bado inayotoka kwenye ubongo mdogo kuliko punje ya ufuta, nitakuwa nimejua kitabu cha mwata tu. Jinsi mwata anavyokufa kwenye nyuzi 36 naweza kuieleza hatua kwa hatua. Kwa nini maji yalifika nyuzi 36, hilo halimo ndani ya mwata hata ungempasua vipi.

Kuna jambo moja sikumwambia mjomba, kwa kuwa lingetupeleka mbali na kisamvu kilikuwa tayari. Mwaka uleule niliokuwa nikiushangaa mvuke wa Lynemouth, 1998, maji ya kwetu yalipata moto yakapausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia na zaidi. Nilisikia habari hizo kwenye simu ya kadi, dakika tatu, mke wangu akiniambia wazamiaji wanasema mwamba umekuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Haukuwa moto wa kiwanda kile kimoja, najua. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño, na bahari ni kubwa. Lakini makaa ni makaa. Moshi wa bomba lile na wa mabomba maelfu kama lile umo katika joto tunalolichota leo, na akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu mwaka 1989 wanajua: ile aina iitwayo kotoni, yenye bei nzuri, inawaoza mikononi maji yakipata moto, wanabaki na spinosamu ambayo haina bei. Kiwanda cha aluminiamu kilifungwa mwaka 2012. Kule moto uliwapa mwata kiangazi cha ziada. Huku, kwenye mashamba ya mwani, nimewasikia wenyewe wakisema hii ni ajali ya bahari, na sijui nani aliwafundisha kusema hivyo, maana wao hawakuwasha chochote.

Jumatatu nilipofika kazini nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Ijumaa ile. Nikapiga mstari mmoja juu ya AJALI, mstari mwembamba, neno lisomeke bado, kwa kuwa kwa upande wao lilikuwa kweli. Pembeni nikaandika: dizeli iliisha, sikupima, nilichelewa kurudi. Na jina langu. Meneja alipokuja kusaini mwisho wa mwezi alisoma, akanitazama, akauliza mbona nimeharibu ukurasa. Nikamwambia ndiyo umetengenezeka. Hakusema kitu, ila wiki iliyofuata kikaja king'ora cha pampu, cha bei rahisi, kinacholia hata paka akipita.

Trei tumezijaza upya. Mwata wapya ni wa mayai yaliyomwagwa Ijumaa ileile. Niliyachota kwa kikombe kutoka kwenye yale maji meupe, nikayapoza taratibu, nikijiambia hayatafaa, na machache yakafaa. Sasa wana urefu wa kidole. Alfajiri hii walikuwa 27 na nusu, na kidole changu kilisema hivyohivyo.

Mjomba hupiga simu kila Ijumaa, saa sita kasorobo. Hasalimu siku hizo. Husubiri nipokee, kisha huuliza, "Umechovya kijiti?"

Nikimwambia nimechovya, hukata.